MAFIGA MATATU: MITAMBO, UBUNIFU NA UENDELEVU KATIKA KAZI ZA OFISI

(Haya ni maneno ya mada iliyotolewa na mwanachama wetu, mtumishi wa Serikali, mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani. Yamefupishwa kidogo. – Mhariri)



Nilipoifungua barua ya Katibu nilikuta mada imeandikwa kwa maneno matatu mazito: mageuzi ya kidijitali, ubunifu na uendelevu. Nikajua kwamba Katibu wetu, ambaye tangu alipokuwa kiranja wa bweni alikuwa mpenda maneno makubwa, bado hajabadilika. (Kicheko.)

Lakini mada hii haikuja bure. Katika ajenda ya leo kuna pendekezo kwamba chama chetu kichange fedha za kuinunulia shule kompyuta 40, na kwamba madaftari yote ya shule, tangu lile la wanafunzi wa kwanza, yaingizwe katika kompyuta. Baada ya chakula cha mchana tutanyosha mikono. Fedha zitakazotumika ni zetu, na majina yaliyomo katika madaftari hayo ni yetu. Kwa hiyo basi, naomba nizungumze kama mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni majalada na kumbukumbu za watu, ili tuamue tukiwa tumefumbua macho.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Mageuzi ya kidijitali si kununua kompyuta. Ni kubadili namna ofisi inavyofanya kazi kwa kutumia kompyuta, simu na mtandao. Ubunifu ni kupata njia mpya inayoondoa tatizo la kweli. Njia hiyo yaweza kuwa ya mashine au isiwe ya mashine. Na uendelevu ni kufanya jambo la leo bila kuwaharibia wa kesho, kama ilivyoelezwa na tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Bibi Gro Harlem Brundtland katika taarifa yake ya mwaka 1987. Wengi wetu tukilisikia neno hilo tunafikiria miti na mito. Hiyo ni kweli, lakini katika ofisi lina maana nyingine pia: jambo lililoanzishwa liweze kuendelea baada ya mwanzilishi kuhamishwa na mfadhili kuondoka.

Wahenga walisema mafiga mawili hayainjiki chungu. Hoja yangu ndiyo hiyo. Mambo haya ni mafiga matatu ya jiko moja. Ukiondoa moja, uji unamwagika, hata kama mengine mawili ni ya mawe magumu namna gani.

MASHINE HAIPONYI UGONJWA WA OFISI

Wadogo zangu mnaweza kudhani kwamba kompyuta ni jambo la juzi. La hasha! Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Hazina mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Hesabu za Serikali zikaanza kuhamishiwa katika mitambo hiyo. Kazi ikawa ngumu kuliko ilivyotarajiwa: wataalamu walikuwa wa kigeni, wananchi waliofundishwa walikuwa wachache, vipuri vilihitaji fedha za kigeni, na hesabu zenyewe zikavurugika hata ikabidi kurudia njia za zamani. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalum.

Vijana wa leo huicheka amri hiyo. Mimi siicheki. Naiona kuwa ni hati ya daktari aliyemwona mgonjwa akipewa dawa kabla ya kupimwa. Mtambo ulikuja, lakini namna ya kufanya kazi haikubadilishwa, wala hakuandaliwa mtu wa kuutunza. Figa lilikuwa moja.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka 2016 Serikali ilifanya uhakiki wa watumishi ikagundua wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000, yaani watu waliokuwa wakilipwa mshahara ilhali hawapo kazini, na baadhi yao hawapo hata duniani. Ndugu zangu, orodha ya mishahara wakati huo haikuwa katika daftari la karani. Ilikuwa ndani ya kompyuta kwa miaka mingi. Kompyuta ilimlipa marehemu kila mwezi bila kuchelewa, kwa sababu hakuna mtu aliyeiambia kwamba amefariki. Waliomfichua ni binadamu waliokwenda vituoni na kuhesabu vichwa. Baada ya hapo ndipo mfumo ulipopata taarifa safi za kufanyia kazi.

Fundisho lake ni hili: ukiingiza uzembe katika kompyuta, hupati ufanisi, bali unapata uzembe wenye kasi. Daftari lililojaa makosa likichapwa katika kompyuta linapata heshima lisiyostahili, maana watu huamini zaidi kilichochapwa kuliko kilichoandikwa kwa mkono.

UBUNIFU HUTOKA KWA ANAYEBANWA NA KIATU

Figa la pili ni ubunifu. Hapa watu wengi hufikiri kwamba mbunifu ni lazima awe mtaalamu aliyevaa miwani, amejifungia chumbani. Tazameni historia ya M-Pesa. Jaribio lake lilifanyika Kenya mwaka 2005 kwa madhumuni madogo kabisa: kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kurejesha mikopo yao kwa simu. Wakopaji hao wakauchukua mtambo na kuufanyia lisilotarajiwa. Wakawa wanatumiana fedha wao kwa wao: mfanyabiashara kwa mfanyabiashara, aliye mjini kwa aliye shambani. Wenye kampuni walikuwa na busara ya kuwatazama. Wakaiacha ile ya marejesho, wakaitangaza huduma ya kutuma fedha nyumbani, ikaanza rasmi Machi 2007. Mwaka uliofuata ikafika Tanzania. Nani aliyekuwa mbunifu hapo? Mtaalamu alileta chombo, lakini njia ilionyeshwa na mteja.

Katika utumishi wa umma tunao mfano wetu. Zamani ukitaka kulipa ada ya Serikali ulikwenda dirisha hili kuchukua fomu, ukaenda benki, ukarudi na karatasi ya benki, ukasubiri karani aandike stakabadhi. Kila taasisi ilikuwa na akaunti zake na utaratibu wake. Mwaka 2017 ulianza kutumika mfumo wa pamoja wa makusanyo ya Serikali, unaojulikana kwa jina la GePG. Siku hizi unapewa namba ya malipo yenye tarakimu 12, unalipa kwa simu au benki, na taasisi inaona malipo yako papo hapo. Jambo mbili ningependa mziangalie. La kwanza, mfumo huo ulijengwa na wataalamu wa Serikali wenyewe, kwa hiyo wanajua kuutengeneza unapoharibika na kuubadilisha mahitaji yanapobadilika. La pili, ubunifu wake mkubwa haumo katika mashine. Umo katika uamuzi wa kiofisi wa kuzikubalisha taasisi zipite mlango mmoja. Anayejua ofisi anajua kwamba kumnyang'anya mkuu wa idara dirisha lake la fedha ni kazi ngumu kuliko kuandika programu. (Kicheko.)

Kinyume chake nimekiona pia. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, mradi ulileta mtambo wa kuendesha majalada bila karatasi. Mafunzo yalikuwa ya siku mbili. Hakuna aliyewauliza makarani wa masijala kazi yao huendaje. Baada ya miezi michache ikawa dokezo linaandikwa katika kompyuta, linachapwa, linatiwa sahihi kwa kalamu, linapigwa picha, na kurudishwa katika kompyuta. Kazi ya hatua moja ikawa ya hatua tano, na karatasi zikaongezeka. Mstaafu aliyekuja kufuatilia mafao yake aliambiwa jalada lipo kwenye mfumo, na waliokuwa masijala wakaambiwa lipo mezani. Mzee alisafiri mara tatu. Nauli ile hakuna aliyemrudishia.

Karani yule wa masijala, mwenye miaka 20 kazini, angeweza kuwaambia wataalamu siku ya kwanza kwamba jalada hupotea mahali gani. Hakuulizwa.

UENDELEVU: USIPOZIBA UFA

Sasa tuje kwenye figa la tatu, ambalo ndilo husahauliwa. Nitaligawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni matunzo. Kuzindua ni sherehe. Kutunza ni kazi. Mei 2021 mfumo wa kuuza umeme wa LUKU ulipata hitilafu, na kwa siku kadhaa watu wenye fedha mkononi walikaa gizani kwa kukosa pa kununulia umeme. Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilikatika kusini mwetu, na intaneti ikadhoofika Tanzania na katika nchi kadhaa jirani. Siyataji haya kumlaumu mtu. Nayataja kwa sababu kadiri tunavyoweka maisha yetu katika mtandao, ndivyo inavyotupasa kujiuliza: siku ukizimika, tutafanya nini? Ofisi isiyo na jibu imejenga nyumba ya mlango mmoja.

Fungu la pili ni umri wa kumbukumbu. Pale Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, yamo majalada ya utawala wa Wajerumani, ambayo mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia. Yana umri wa zaidi ya miaka 100, na anayejua Kijerumani na mwandiko wao huyasoma hadi leo. Je, ni nani kati yenu mwenye mashine ya kusomea diski zile ndogo za miaka ya 1990, tulizokuwa tukizitia mfukoni mwa shati kwa majivuno? Waingereza nao lilishawakuta. Mwaka 1986 BBC iliweka katika santuri za kielektroniki habari za nchi nzima, kuadhimisha miaka 900 ya daftari kubwa la mfalme la mwaka 1086. Haikupita miaka 20, mashine za kusomea santuri hizo zikawa adimu, ikabidi wataalamu wahangaike kuziokoa. Daftari la mwaka 1086 lilikuwa likisomeka bado.

Maana yake si kwamba turudi kwenye ngozi za mbuzi. Maana yake ni kwamba kumbukumbu iliyo katika kompyuta ni kama ng'ombe wa maziwa: huna budi kuilisha kila siku. Inahitaji kunakiliwa, kuhamishwa kutoka mashine ya zamani kwenda mpya, na kukaguliwa. Karatasi inaweza kusahauliwa kabatini kwa miaka 50 ikakusamehe. Kompyuta haisamehi.

Fungu la tatu ni mazingira yenyewe. Mtambo wa kidijitali tunauona kama kitu kisicho na uzito, kumbe una uzito. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya kuhifadhi data vilitumia karibu asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia. Na taarifa ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za takataka za vifaa vya umeme na elektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ndani ya takataka hizo kuna risasi na zebaki. Mahali pengi katika Afrika vijana huchoma nyaya ili wapate shaba, na moshi wake huvutwa na watoto.

Lakini mitambo hiyo hiyo ikitumiwa kwa ubunifu huweza kuyatumikia mazingira. Mmoja wa walioanzisha M-Pesa, Nick Hughes, alikwenda kushirikiana na wenzake kuanzisha kampuni ya M-KOPA ya Nairobi, ambayo mwaka 2012 ilianza kuuza mitambo midogo ya umeme wa jua kwa mkopo. Familia ililipa kwa simu, kidogo kidogo kila siku, fedha iliyokaribiana na ile iliyokuwa ikinunua mafuta ya taa. Ndani ya mtambo iliwekwa laini ya simu: ukilipa taa inawaka, usipolipa inazimika. Hapo mafiga yote matatu yamekutana. Bila malipo ya simu, hakuna anayeweza kukusanya shilingi chache kutoka vijiji elfu. Bila kubuni mkopo wa namna mpya, simu peke yake isingewasha taa. Na bila jua, familia ingebaki na kibatari na moshi wake. Hata hivyo, tusipende hadithi nzuri tukasahau upande wa pili: aliyekosa kipato wiki hiyo hukaa gizani, na betri ikifa ni lazima pawe na mahali pa kuirudisha. Figa la tatu halimalizwi siku ya kuuza.

TURUDI SHULENI KWETU

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwenye pendekezo la leo. Kila mwaka wanafunzi wa zamani hurudi hapa kutafuta uthibitisho kwamba walisoma hapa: mmoja amepoteza cheti kwa moto, mwingine jina lake limeandikwa herufi moja tofauti na mwajiri anataka maelezo, wa tatu anastaafu na tarehe yake ya kuzaliwa haikubaliani katika karatasi mbili. Huyu wa tatu namfahamu sana kwa kazi yangu. Mara nyingi kinachomwokoa ni mstari mmoja wa wino katika daftari la uandikishaji la shule, ulioandikwa na mwalimu ambaye huenda amekwisha kufariki. Mstari huo ukipotea, au ukichapwa kwa makosa, yule mzee hana shahidi mwingine.

Kwa hiyo siombi tulikatae pendekezo. Naomba tulifanyie marekebisho yafuatayo:

1. Daftari litangulie kompyuta. Kabla ya kununua mashine hata moja, madaftari yapigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Kisha majina yachapwe na watu wawili mbalimbali, na tofauti zikaguliwe kwa kurudi kwenye picha. Hapo watakapopatikana wanafunzi hewa tutawajua. (Kicheko.)

2. Daftari la karatasi lisitupwe. Likae mahali pakavu, mbali na mchwa. Nakala za kompyuta ziwe mbili, na moja isikae katika jengo hili.

3. Kompyuta zipungue, matunzo yaongezeke. Badala ya 40 tununue 20, na fedha inayobaki iwe mfuko wa matengenezo wa miaka mitano: umeme, betri, vipuri na posho ya fundi.

4. Tujihadhari na msaada wa mashine kuukuu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi ambazo haziwezi kupokea toleo jipya zinatafuta pa kwenda. Tukipewa, tupokee zile tu zinazoweza kutumia mfumo huria kama Linux, na tukatae zilizokufa. Shule yetu si jalala.

5. Waulizwe wanaohusika. Mhasibu wa shule, karani wa ofisi, mwalimu wa taaluma na wanafunzi wenyewe waeleze kiatu kinawabana wapi. Huenda karani akatuambia kwamba tatizo lake si kompyuta, bali kabati lisilofungika.

6. Kiwepo kikundi cha wanafunzi wa kutunza mitambo. Sisi tulilima shamba la shule kwa jembe, na tulijifunza kwamba chakula hakishuki mbinguni. Hawa nao wajifunze kufungua mashine, kuisafisha na kuifunga. Mwanafunzi anayejua kutengeneza haogopi kubuni.

7. Siri za watu zilindwe. Madaftari yana alama, adhabu na habari za afya za watu walio hai. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo haichagui kati ya wizara na shule. Mkuu wa Shule aandike ni nani anayeruhusiwa kufungua nini.

Ndugu zangu, marekebisho haya hayana mvuto wa picha ya gazetini. Kompyuta 40 mpya zikipangwa mstari, utepe ukakatwa, picha hutoka nzuri sana. Mfuko wa matengenezo hauna utepe. Lakini nawaomba tujiulize swali moja tutakaponyosha mikono: mwaka wa sita kutoka leo, mtu akija ofisini hapa kutafuta jina lake, atalipata? Tukiwa na hakika kwamba atalipata, na kwamba aliyelitafuta ni kijana aliyefundishwa hapa hapa, katika mashine inayowaka kwa fedha iliyotengwa, basi tutakuwa tumeinjika chungu penye mafiga matatu.

Kwa hayo machache, Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja. (Makofi.)